Tochi Yako Niliyoitia Taa Nyekundu

Mama,

Mwidiwe. Sijui huko uliko kama mchana upo, lakini pokea salamu hii ya mchana, ndiyo niliyo nayo. Mimi mzima kwa maana ya kula na kutembea, ila kutulia nimeshindwa. Tangu nishike kalamu nimesimama mara tatu: kufunga mlango wa kibanda, kuufungua tena, na kutafuta kitu ambacho hata sikijui. Mteja amekuja kuulizia redio yake, nikamwambia aje kesho, na redio ilishapona, iko mezani mbele ya macho yake. Kasulu nzima watasema Filbert amechanganyikiwa. Waache waseme.

Ni habari ya tochi yako. Ile ya bati, ya betri tatu kubwa, uliyokwenda nayo kuzalisha wanawake Munanila yote mpaka kule mpakani. Globu zake zilikuwa zinaungua hovyo, ndiyo maana ulitembea na ya akiba umeiviringishia pamba, umeifunga kwenye pindo la kanga. Na betri ulizianika kwenye ungo kama dagaa ili zikusogeze siku moja mbele. Ulinipa nikutengenezee swichi. Swichi tu! Ukaniambia, "Nataka iwake, mwanangu. Usinitengenezee redio." Nikasema kesho. Kesho yangu ikawa miezi mitano, wewe ukaenda kuzalisha kwa kibatari mpaka siku zako zikaisha. Tochi tuliikuta kwenye boksi langu, chini ya spika mbovu. Hilo peke yake lingenitosha, na bado sijafika nilikokuwa nakwenda.

Matanga yalipokwisha, dada Leokadia alichukua mkoba wako wa ukunga. Hakuna aliyeshangaa, maana miaka saba alikuwa nyuma yako akikushikia beseni na wembe. Mimi nikaona hapa ndipo pa kulipia deni la uvivu wangu. Nilikuwa na redio kaseti mbovu nilizonunua kwa Mrundi mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, zile zenye vitaa vidogo vyekundu vinavyorukaruka muziki ukilia. Vitaa vile haviungui kama globu, na vinakula umeme kidogo mno. Nikang'oa saba. Nikakata duara kwenye kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, nikatoboa matundu, nikavipanga, nikavilehemu kimoja kimoja, kila kimoja na rezista yake ili kisikaangwe. Nikaingiza mahali pa globu. Ikawaka! Niliiacha inawaka siku nne mfululizo kwa betri zilezile, nikawa nazunguka nayo sokoni nawaringia wenzangu. Nilisema laiti Mama angeona.

Dada alipoiwasha mara ya kwanza aliuliza, "Mbona nyekundu?" Nikamjibu, "Nuru ni nuru, dada." Nikacheka na kucheka, mjinga mimi.

Sasa sikiliza. Miezi miwili iliyopita aliitwa kwa Yulitha, mke wa Yosia, uzazi wake wa tatu. Ilikuwa alasiri, lakini mvua kubwa, mlango umefungwa, na chumba chao cha ndani unakijua, hakina dirisha. Mtoto wa kiume alitoka salama, analia vizuri. Kondo likatoka. Dada akamulika kanga aliyolalia Yulitha, akaona imelowa tu, akadhani ni maji yaleyale ya uzazi. Akageuka kumfunga mtoto kitovu na kumfuta. Mama Yosia, mkwe wake, ndiye aliyefungua mlango kuleta uji, mwanga ukaingia, akapiga yowe. Mama, ilikuwa damu. Imejaa kanga, imeshuka mpaka sakafuni. Walimbeba Yulitha kwa machela mpaka barabarani, wakapata lori la maharage, akafikishwa hospitali mjini hana hata nguvu ya kufumbua macho. Amepona, Mungu ni mwema, lakini wiki tatu alikuwa wa kugeuzwa kitandani.

Mama Yosia hakunyamaza. Kisimani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga, maneno ni hayohayo: "Mkoba wamerithi, mkono wameuzika." Dada hakumjibu hata siku moja. Unajua kwa nini? Anaamini ni macho yake. Anasema nilimulika, Fili, nilimulika kwa mikono yangu, na sikuona. Anasema yanakufa kama yalivyokufa ya kwako mwaka wako wa mwisho. Nilimkuta siku moja nyuma ya nyumba amefunika jicho moja anatazama migomba, kisha anafunika la pili. Mkoba ameutundika. Wiki iliyopita walikuja kumwita kwa binti mmoja mwenye mimba ya kwanza, akakataa, yule binti akajifungulia njiani akienda zahanati, na mvua inamnyeshea. Dada aliposikia hakula siku hiyo.

Na mimi nilikuwa namtuliza! Nilimwambia pole dada, labda ni uchovu.

Jumanne hii nilikuwa kibandani nakata bati kwa ajili ya tochi nyingine nyekundu, maana watu walishaanza kuzitaka. Mvua ikapuliza, nikafunga mlango, nikawasha niliyokwisha kuitengeneza nifanyie kazi. Mkasi ukaniponyoka, nikahisi kidole gumba kimechomwa. Nikakiweka kwenye kitambaa cheupe cha kufutia, nikakitazama. Hakuna kitu, Mama. Umajimaji tu, kitambaa cheupe kama kilivyokuwa. Nikasema kumbe haukuingia, nikaendelea kukata. Mpaka bati likaanza kuteleza mkononi. Nilipofungua mlango kitambaa kilikuwa chekundu chote, meza, suruali, kila mahali.

Nilikaa chini pale mlangoni, mvua inanipiga miguuni. Damu haionekani kwenye taa nyekundu. Mtoto mdogo angeweza kujua kama angejaribu. Mimi nilijaribu betri, nilijaribu rezista, nilijaribu kuidondosha chini nione kama itavunjika. Kazi ya tochi ile sikuijaribu.

Leo ni Ijumaa. Siku tatu nimejua na sijamwambia. Ukweli ni kwamba naogopa. Watu wananiita fundi, na mdomo wa Mama Yosia unanitisha. Nimeandika mpaka hapa na sasa naona aibu kukwambia wewe uliyelala kabla ya kumwambia yeye aliye macho. Nafunga kibanda. Nitamalizia nyumbani.

Niko Munanila sasa, kwenye benchi lako la jikoni. Nimemwambia. Alikuwa anachambua maharage. Nilianza kuzungukazunguka, habari za betri, habari za bei ya risasi ya kulehemu, akaniambia, "Fili, sema." Nikasema yote. Nikamwashia tochi gizani kwenye stoo, nikamwonyesha kitambaa chenye damu yangu, akakiona cheupe. Nikamtoa nayo mlangoni penye mwanga, akakiona chekundu. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

"Mazima, dada."

Akalia, Mama. Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya kukuzika wewe. Kisha akachota maharage mkono mzima akanirushia usoni, na mengine, na mengine tena, mimi sikujikinga. Akajifuta uso kwa kanga. Akasema, "Miezi miwili nimejiona kipofu, na muuaji juu yake. Mimi umeniambia. Sasa twende kwa Mama Yosia ukaseme kwa mdomo wako, na Yulitha akiwa amekaa hapo anakusikia. Mimi nitasimama mlangoni."

Tochi nimeirudishia globu. Zitaungua, na betri zitaisha, na mimi nitakuwa naleta nyingine kila mwezi bila kuambiwa, na hakuna kitu kitakachoingia kwenye mkoba ule bila dada kukijaribu kwanza kwa kazi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ahadi. Ile tochi nyekundu ya pili nimeivunja.

Pumzika, mama yangu. Ningependa kuandika zaidi, na kusema kweli ningependa kuandika mpaka usiku ili nisiende. Lakini Leokadia ameshafika kwenye mgomba wa kona, amegeuka, ananisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mkoba wako uko begani kwake.

Mwanao,
Filbert