Kifundo chako mu waya ya gari

Baba Zaituni,

Mungu akulaze pema. Lakini leo nimekukasirikia.

Anaandika binti yetu, maana mi unajua sikusoma. Nimemwambia asiruke neno, hata pale ninapomusema.

Tangu tulipokuzika, ile minibisi uliyoigeuza nyumba, na kitanda na frigo yake ya kupozea chakula, ilikuwa imelala tu hapa Buyenzi. Zaituni akaleta mununuzi. Nikasema apana, kwanza tuipeleke kule kampingi ya ziwa, pale wageni wanapolala na magari yao, kama mi na we kila Idi ikiisha.

Tukachomeka waya ya gari kwenye nguzo yao ya umeme, taa ikawaka. Kuwasha frigo, taa ikafifia kama macho ya mugonjwa, frigo ikanguruma, ikanyamaza. Siku mbili hivyo! Samaki wangu wote wakaoza. Zaituni akasema: "Mama, gari imekufa, tuiuze." Nikamufokea. Nikaenda kumutukana mwenye kampingi, ati umeme wake hautoshi hata kuku. Akaleta kipimo, akapima pale kwenye nguzo. Sawa kabisa. Nikakumbuka maneno yako: "Usimupime mutu amelala, mupime amebeba muzigo." Nikasema apime tena, frigo ikivuta. Kwenye nguzo, sawa. Kwenye gari, nguvu imeanguka.

Basi ubaya uko katikati. Na katikati kuko nini? Kifundo chako, pale ulipounga waya ukaviringisha mupira wa ndani wa baskeli. Nikakishika. Moto!

Mwenye kampingi akatoa kisu akikate. Mi nikakalia waya, bibi muzima, na matako yangu yote. "Hapa hagusi mutu. Ni mikono ya mume wangu."

Na we, muzee! Mafundi wote wa Buyenzi uliwachamba kwa vifundo vibaya, kumbe chako... Nakumbuka siku ile. Vidole vilikuwa vinatetemeka, nikataka kukushikia waya, ukasema: "Niache." Niache, niache! Ungepungukiwa nini?

Nikasimama. Tukachomoa umeme, nikakata mwenyewe. Ndani nyuzi zilikuwa legelege, nyeusi, zimeungua. Tukaunga upya, tukakaza. Frigo ikavuta, taa haikutikisika. Zaituni aliangalia ziwa, hakuniangalia mimi. Mununuzi ameambiwa abaki kwao.

Kale kamupira nimekafunga kwenye funguo.

Kwaheri, mubishi wangu. Gari haiuzwi nikiwa hai, nakuahidi. Na siku nitakayokufikia huko usiniambie niache. Lete hiyo mikono.

Mama Zaituni