Tonge ya Syntiche

Yaya Victorine, dada yangu, kaa chini, niko na mambo. Jirani Kyakimwa alivaa perruque nyekundu, nywele ya bandia, imbwa yake ikamukimbia!

Unajua natumika kazi ku shule ya batoto balemavu. Kulikuwa mutoto moja, Syntiche, mukono ya kushoto tu njo ilikuwa inamusaidia. Miaka mbili nilimufundisha kufinya bukari, ugali yetu ya kila siku. Siku alijua, tonge ya kwanza alinilisha miye! Nililia na furaha.

Yaya, malaria ilimuua siku ya Alhamisi. Ku kilio mama yake aliniuliza: "Ni kweli alikuwa anajilisha? Ku nyumba tulikuwa tunamulisha siye benyewe, sababu ya haraka. Sikumuona hata siku moja."

Bukari ilifika. Nilifinya na kushoto, sawa yeye, nikalisha mama yake.

Miye mudogo yako,
Mama Abigaïl