Baiskeli Pasipo Barabara

Salale, 4 Agosti 1991

Mwanangu Talib,

Asalamu aleikum. Kibiti wazima? Mimi sijambo upande mmoja. Mkono wa kulia bado umelala, haushiki mchi. Naandika kwa wa kushoto, nivumilie. Naomba baiskeli ya marehemu baba yako. Mpe nahodha wa mashua ya boriti.

Mama yako

Kibiti, 15 Agosti 1991

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeirudia mara nyingi, na kila mara naogopa zaidi. Salale ni matope na mikoko. Baiskeli utaipanda wapi? Unisamehe, nahofia kiharusi kimepanda kichwani. Nimekupangia chumba jirani na changu. Siku hizi mashine za kusaga zimejaa hapa, kila mwenye mtaji kafungua yake, hutatwanga tena. Baiskeli naituma kwa kuwa umeomba, lakini mwezi ujao nakuja kukuchukua.

Mwanao, Talib

Salale, 30 Agosti 1991

Mwanangu,

Marahaba. Imefika, na kengele yake. Akili ninayo. Mashine zenu hufanya kimea cha togwa kuwa unga, na unga hauchujiki. Togwa inakuwa uji. Njoo kwenye hitima ya baba yako, wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu. Ukikuta nimeshindwa kutengeneza togwa yake kama kila mwaka, nitafunga mzigo tuondoke, na sitalia.

Mama yako

Kibiti, 29 Septemba 1991

Mama yangu,

Shikamoo. Umepumzika baada ya shughuli? Nimefika salama, ingawa mtumbwini nilifumba macho njia nzima, na najua baba mdogo Mshamu keshakusimulia.

Nilichokiona nyuma ya nyumba sijaweza kumweleza mtu. Gurudumu la mbao ndani ya mkondo. Mnyororo wa baiskeli ya baba. Magogo mawili ya mkoko yaliyochongwa meno, yamelala ubavu kwa ubavu, kati yao upenyo wa ukucha. Maji yalipoanza kupwa yote yakazunguka yenyewe, na kimea cha mtama kikaanguka kimepasuka tu, kapi zima, tayari kuchujika. Nilirudi nyuma. Baba mdogo, aliyeyachonga, akanitania kwa kazi yangu ya ofisini, "Karani, yanakula mtama tu."

Kisha maji yakaanza kujaa. Gurudumu likageuka kinyume, friwili ya gurudumu la nyuma la baiskeli ikalia tik-tik, lakini magogo yakatulia, hayakutema hata punje. Ndipo nikajua ulichokuwa ukikitaka kwenye baiskeli: kitu kinachokubali upande mmoja na kukataa mwingine. Nani alikufundisha? Nilikuuliza, nawe ukauonyesha mto kwa kidevu.

"Mkono wangu wa kulia ule pale."

Togwa ya hitima niliinywa mpaka nikasahau kuwa kurudi ni kwa mtumbwi.

Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe. Jana ofisini nilitazama saa, nikajua maji yanakupwa Salale. Nikaweka kalamu chini. Wenzangu wakaniuliza nasikiliza nini.

Mwanao, Talib