Profesa Obiero Anauza Omena

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba msaada upesi, kwani mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, nakaa Kawangware, mapafu yamechoka na daktari ameniambia nisihangaike kununua kalenda ya mwakani, na nina dhambi ya kitaaluma ambayo hata mchungaji wangu hakuielewa, aliniuliza tu kama kulikuwa na mwanamke, nikasema yuko, lakini si hivyo. Mwaka wa 1969 nilikuwa mhadhiri, nikaandika makala kuhusu nyongeza, ile konzi ya ziada ambayo muuzaji humtilia mteja baada ya kupima, nikasoma vitabu nisipate sababu yake, hadi siku moja nikinunua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, Kibera, nikamuuliza mwenye meza, Filister Obiero, naye akanicheka, "Mwalimu, hiyo si zawadi, ni kamba ya kumfunga mteja. Leo nimekutilia, kesho utaona haya kununua kwa jirani." Nikaandika vivyo hivyo, lakini nikaona aibu kumweka muuza omena kati ya wasomi, nikatia kwenye tanbihi "Profesa F. Obiero, 1968", makala ikasifiwa, wengine wakaanza kumnukuu, mmoja akampinga kwa kurasa arobaini, mwingine akaapa kwamba walikula pamoja mkutanoni, na sasa mtaalamu wa ng'ambo anafika Jumamosi akitaka nimpeleke kwa Profesa Obiero, nami nafikiria kusema amefariki, lakini mke wangu Nduta anauliza, "Mzee, ukifika huko mbinguni umkose, utasema nini?" Nifanyeje?

Mwenye Tanbihi, Kawangware, 1984

Mzee wangu,

Pole kwa mapafu. Kwa hayo mengine sikupi pole. Ulikula omena ya mama wa watu, ukala na akili yake, kisha ukamvika joho asiloliomba ili usionekane umefundishwa sokoni. Kumnukuu hakukuwa kosa. Kosa ni kumficha. Na huyo aliyekula naye mkutanoni, mwache, ana barua yake ya kuniandikia.

Kumuua usithubutu, maana ni mzima kukushinda. Nimekwenda mwenyewe. Nilipomwambia kuna msomi amempinga kwa kurasa arobaini, aliacha kupima.

"Huyo amewahi kuuza nini?"

Halafu akakukumbuka. "Yule mwalimu wa maswali? Nilimtilia nyongeza, akapotea miaka kumi na mitano! Mwambie ameniharibia hoja yangu."

Sasa sikiliza. Ijumaa nenda Kisumu Ndogo, Nduta akushike mkono, ukaungame mbele ya meza ile. Jumamosi mpeleke mgeni, na usimtafutie mama kiti cha kiprofesa, anacho kigoda chake. Kisha liandikie lile jarida lililochapa makala yako, kwa mkono wako ungali na nguvu: "Filister Obiero, muuza omena, Kisumu Ndogo, kwa mdomo wake." Mama amekubali jina lake litoke hata humu gazetini, mradi kazi yake itajwe.

Na nunua kopo zima. Akikutilia nyongeza, pokea kwa mikono miwili, na safari hii usiulize sababu.