Kiuno cha Inchi Ishirini na Nne

3 Machi
Dada yangu,
Shikamoo. U mzima? Na vyerehani vyako je? Mimi naendelea, ila siku zangu ni kama kutembea ndani ya maji. Wananiambia leo natimiza miaka miwili tangu nianguke na pikipiki nikaumia kichwa. Wanasema juzi kwenye chumba cha mazoezi hapa hospitali walinipa mkasi. Mkono ukakata wenyewe, kama unaota! Nimekushonea gauni, limo kifurushini. Mtaalamu anasema naweza kurudi kazini. Nirudi kwenye meza yangu ya dirishani hapo dukani kwako?
Mdogo wako

19 Machi
Mdogo wangu,
Marahaba. Mimi mzima, vyerehani saba vinalia, kimoja kimegoma. Gauni limefika. Mshono umenyooka, haki yako sikunyimi. Lakini kiuno inchi ishirini na nne? Mimi leo ni thelathini na nane, na kila inchi nimeitolea jasho! Ishirini na nne nilikuwa nazo nikiwa na miaka kumi na saba, nikikufundisha kupima.
Meza uliiacha mwenyewe, miezi mitano kabla ya ajali. Ulifungua duka mtaa wa pili, ukanichukulia wateja kumi na wanne, tukikutana njiani hunisalimii. Hospitali nilikaa siku arobaini na moja nikingoja uamke uniombe radhi. Ukaamka, ukacheka, ukaniita dada. Basi kosa lako nilibebe peke yangu?
Dada yako

30 Mei
Dada,
Shikamoo. Umeamkaje? Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimeibandika ukutani. Naisoma kila asubuhi, na kila asubuhi ni mpya. Huyo asiyekusalimia namtafuta kichwani. Naona ukungu, nakuona unapiga pasi huku unaimba, kisha nesi ananiita chai. Nikisema nakumbuka nitakuwa nakudanganya. Ila mikono yake ndiyo hii yangu. Naomba radhi. Kesho nitasahau kama nimeomba, nitaomba tena.
Mdogo wako

2 Juni
Mdogo wangu,
Marahaba, na pole. Usiombe kila siku, utanizeesha. Nilitaka radhi moja, nimeipata.
Jumatatu saa mbili asubuhi nakuja kukuchukua. Uwe umeoga. Ile barua ibandue leo hii, uichane; wa kuyakumbuka hayo anatosha mmoja. Na kesho ukiamka ukakuta ukuta mtupu, usitafute kilichokuwapo.
Dada yako