Benjamini Akiwa Langoni

Mazwi, Sumbawanga

Dada Cornelia, shikamoo.

Huku baridi imeanza na mahindi yamekauka shambani. Bado naishi kwa kupiga picha za mechi, wachezaji wananunua.

Najua ilikuumiza kukosa mazishi ya kaka Benjamini. Padri aliomba picha ya kuweka juu ya jeneza, nikapata moja tu nzuri: ile ya mechi ya Kaengesa, siku ya mvua. Kaka ameruka langoni kudaka mpira, ametapakaa tope, anacheka. Nilitaka kuikata nibakize uso, Mama akanizuia.

“Usiikate, Flavian. Mwache na mpira wake.”

Tukamzika hivyo. Nakutumia nakala. Yule nyuma ya goli, aliyeinua mikono akishangilia, ni wewe.

Mdogo wako,
Flavian