Ratiba ya Futari Aliyoitoa Maryamu

Bofu, Likoni

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Mguu wako vipi, umepoa? Natumai nyote hapo Kipini mwaamka salama. Sisi tu wazima, nami nimenenepa kwa furaha. Soma utajua.

Mwanao Maryamu, uliyemleta akae nami huku ukisema kompyuta zitamharibia macho, alichukuliwa kwa majaribio kwenye duka la uchapaji Changamwe. Misikiti ya huku ikapeleka kazi ya ratiba ya Ramadhani, na programu ya kupiga hesabu ya nyakati za swala ikiwa kwenye disketi. Kumbe kompyuta za pale ni za kabila jingine, programu ile hazitaki hata kuisikia! Tajiri wa duka akamwambia, "Binti, hii ikitoka sawa, kazi ni yako. Isipotoka, tuagane kwa wema."

Maryamu akatia programu ya pili, ya kujifanya kompyuta ya kabila la ile disketi. Nilielewa mara moja, mimi si kungwi? Ile ya disketi ni bibi harusi katika nyumba ngeni. Hii ya pili ni kungwi wake: bibi harusi akinena kikwao, kungwi awageuzia wenyeji. Mwenyewe adhani yuko kwao bado! Ikaenda, polepole kama mja mzito, lakini ikaenda.

Karatasi ya kwanza ikaletwa msikitini. Magharibi, saa tisa u nusu! Jirani yangu Bi Rukia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanaisha we, mwana wa dadako atufuturisha jua kali?"

"Cheka," nikamwambia. "Ramadhani haijaingia."

Maryamu akaona kosa: programu ilikuwa ikifuata saa za Uingereza. Akaiambia iko Mombasa, ikatengenea. Tajiri akasema ataamua siku ya futari ya kwanza.

Ndiyo leo. Mwadhini wetu hafuati karatasi, hutazama jua mwenyewe. Bi Rukia akaja kwangu makusudi, tende mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Mshale kufika dakika ya Maryamu, wallahi, adhana hiyo! Tajiri, aliyefuturu msikitini kwetu, akaleta salamu: kesho Maryamu aje na picha za kitambulisho cha kazi.

Bi Rukia akala tende. Kisha, "Aweza kumfundisha binti yangu?" Nikamwambia nitafikiria.

Nisalimie shemeji, mama yetu, na Maalim Omari aliyemsomesha Maryamu chuoni. Mwambie alifanya kazi nzuri, ingawa kubwa niliifanya mimi.

Ni mdogo wako Mwanaisha. Ila kwenye bahasha andika Mama Maryamu, ndivyo nijulikanavyo Bofu nzima tangu magharibi.